Hatari iliyo ndani ya hema: namna ya kuzuia ukatili wa waume dhidi ya wake zao kambini

Watu wanapokimbia vita, macho yote hutazama nje. Doria hupangwa kwenye njia ya kuni, taa hufungwa karibu na vyoo, wanawake huambiwa wasitembee peke yao jioni. Yote hayo yanahitajika. Lakini mwanamke anayepigwa na mumewe hahitaji kwenda porini ili akutane na hatari. Hatari inalala naye kwenye mkeka mmoja.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba wanawake 27 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49, waliowahi kuwa na mume au mwenzi, wamefanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono na mtu huyo. Hiyo ni dunia nzima, pamoja na nchi zenye amani. Ukimbizi huongeza kuni kwenye moto ambao tayari unawaka.

Mwongozo huu nimewaandikia wanaofanya kazi karibu na familia: wahamasishaji wa kujitolea, viongozi wa zoni na vijiji vya kambi, wachungaji, mashehe, wahudumu wa mashirika madogo. Mifano mingi inatoka Kigoma, hasa Nyarugusu wilayani Kasulu, kambi iliyofunguliwa 1996 kwa Wakongo waliokimbia vita, wengi wao kutoka Kivu Kusini, kisha ikapokea Warundi kuanzia 2015. Aliye Kakuma, Dadaab, Nakivale au Goma ataona mahali pa kurekebisha.

Kabla ya hatua yoyote: tukubaliane kuhusu chanzo

Utasikia kila siku kwamba wanaume kambini wanapiga kwa sababu ya msongo. Ni kweli wana mzigo. Mkulima wa Fizi, huko Kivu Kusini, aliyekuwa na shamba na ng'ombe sasa anakaa kivulini akisubiri mgao. Hawezi kwenda mbali na kambi bila kibali. Mwaka 2023 mgao wa chakula katika kambi za Tanzania ulishushwa hadi nusu ya kiwango kinachotakiwa. Pombe ya kienyeji haikosekani. Wajomba, mashangazi na wakwe ambao kwao wangeketi na kuamua wametawanyika au wamekufa.

Lakini tazama jambo moja. Mwanamume aliyekasirishwa na mgao mdogo hampigi karani wa mgao. Hampigi askari wa getini. Anatembea na hasira hiyo hadi nyumbani, anafunga mlango, ndipo mkono unanyanyuka. Kumbe anaweza kujizuia. Anachagua wa kumpiga, na anamchagua yule ambaye jamii imemwambia tangu utotoni kwamba ana haki ya kumrudi. Msongo huongeza ukali na idadi ya mapigo, ila mlango ulifunguliwa na imani kwamba mke ni mali. Ukikosea hapa utaishia kugawa mipira na kuanzisha ligi ya wanaume, kisha ushangae kwamba wanawake bado wanakuja zahanati na macho yaliyovimba.

Hatua ya 1: Jua atakwenda wapi

Usifungue mdomo kuhusu ukatili mahali ambapo hujui mwanamke atapokelewa na nani. Ukiitisha mkutano asubuhi, jioni kuna atakayekuja kwako. Ukimjibu "nitaulizia", umemweka pabaya kuliko mwanzo.

Chukua daftari na utembee kwa miguu yako mwenyewe. Kituo cha afya: nani yuko zamu usiku, kuna mhudumu wa kike, kuna chumba chenye mlango unaofungwa? Uliza kama dawa za kuzuia VVU baada ya kubakwa zipo leo, si kwenye orodha tu. Dawa hizo lazima zianzwe ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora; dawa za kuzuia mimba za dharura zinafaa hadi saa 120. Mume naye anaweza kubaka, na mke aliyelazimishwa ana haki ya huduma ileile.

Polisi: kama kuna Dawati la Jinsia na Watoto, mjue anayekaa hapo kwa sura. Ulizia fomu ya PF3, ile ya polisi ya kumpeleka majeruhi kwenye matibabu, inatolewa wapi na saa ngapi, na ukubaliane na kituo cha afya kwamba mtu anayevuja damu anatibiwa kwanza, karatasi ifuate. Kituo cha wanawake: uliza njia ya kuingia bila kuonwa na genge la vijana wanaokaa barabarani. Nyumba salama: usiijue zaidi ya unavyohitaji, na usimwonyeshe mtu mahali ilipo.

Kisha ipigie simu kila namba uliyoandika, saa tatu usiku. Zile zisizopokelewa zifute. Mwanamke akipiga mara moja bila kupokelewa, mara nyingi hapigi tena.

Usigawe vikaratasi vyenye maneno "ukatili wa kijinsia" ili avipeleke nyumbani. Mume akikikuta kwenye kitenge, kikaratasi hicho kimekuwa shtaka. Weka namba hizo katikati ya namba nyingine, za chanjo, za lishe ya watoto, za malalamiko ya maji.

Hatua ya 2: Sikiliza bila kuhoji mtu mmoja mmoja

Usiende nyumba kwa nyumba na fomu ya "je, unapigwa?". Mume atakuwa amekaa nje ya pazia. Badala yake kaa na wanawake kumi hivi, wa rika linalokaribiana, mahali wanapokutana kwa jambo lao la kawaida, kama kusuka vikapu au kliniki ya watoto. Zungumza kuhusu "wanawake wa hapa", kamwe si "wewe". Anayetaka kusema habari zake atakutafuta pembeni.

Chora nao kalenda ya mwezi kwenye mchanga. Mgao unatoka lini? Unga unakwisha lini? Siku gani kuna pombe nyingi? Siku gani kuna kelele usiku? Kalenda hiyo itakufundisha kuliko ripoti nyingi. Mara nyingi kelele hukusanyika sehemu mbili: siku chache baada ya mgao, pale mume anapotaka kuuza sehemu ya chakula, na wiki ya mwisho, pale mke anapoulizwa "chakula kimekwenda wapi?" huku sufuria ikiwa tupu. Ukijua siku, unajua lini uwe karibu na lini sungusungu, yaani walinzi wa jamii, wapite mtaani.

Wasikilize peke yao mabinti walioolewa wakiwa na miaka 15 au 16, kwani mbele ya mama mkwe hawatasema. Wasikilize pia wenye ulemavu, wanaotegemea mume hata kufika chooni.

Hatua ya 3: Kadi ya mgao

Hapa nitakaa kwa muda, kwa sababu ndipo wenye nia njema wanapokosea zaidi, na ndipo kazi isiyo na makelele huokoa watu wengi.

Kambini, kadi ya mgao ni shamba, ni mshahara, ni hati ya ndoa. Anayeishika anashika maisha. Kadi ikiwa kwa mume peke yake, mke anayepigwa anapiga hesabu: nikiondoka, watoto watakula nini mwezi huu? Wengi hurudi kwa sababu ya hesabu hiyo, wala si kwa sababu wamesamehe.

Wengine wakaamua kwamba dawa ni kuandikisha kadi kwa jina la mke. Ni wazo zuri, ila likifanywa kwa pupa linaleta kipigo kingine. Mume anasikia kwenye kipaza sauti kwamba kuanzia mwezi ujao chakula ni cha mama, na hakuna aliyeketi naye. Kwa hiyo, fuata mpangilio huu.

Kwanza waulize wanawake wenyewe. Wapo watakaosema "niandikeni mimi", wapo watakaosema "akiona jina langu ataniua". Majibu yote mawili ni ya kuheshimiwa. Pili, zungumza na wanaume wiki kadhaa kabla, kwa lugha ya familia: chakula hiki ni cha nyumba, anayekipokea anakipokea kwa niaba ya watoto. Tatu, baada ya mgao wa kwanza, wa pili na wa tatu, rudi kwenye kikundi kile cha wanawake mkaitazame tena kalenda ya mchangani.

Kisha kuna wanaoachana. Omba mapema, kwa wanaosimamia uandikishaji na ofisi ya serikali ya kambi, utaratibu wa haraka wa kumtenganishia kadi mwanamke aliyeondoka kwa sababu ya ukatili, bila kudaiwa sahihi ya mume, barua ya mzee wa kijiji au cheti cha talaka. Mwezi mmoja wa kusubiri ni mrefu mno. Panga chakula cha dharura cha wiki hizo. Katika nyumba za mitala, kila mke awe na kadi yake na watoto wake, la sivyo mke asiyependwa ndiye atakayelala njaa.

Panapotolewa fedha badala ya unga, hatari ni ileile, ila fedha hufichika na hunyang'anywa kwa urahisi zaidi. Usitume pesa kwenye simu ambayo namba ya siri anaijua mume, kisha ukaandika kwamba umemfikia mwanamke.

Vikundi vya kuweka na kukopa vinafaa pia: hisa, vikoba, au AVEC kama Wakongo wanavyoviita. Lakini usivianzishe peke yake. Huko Côte d'Ivoire, baada ya vita, wanawake waliokuwa kwenye vikundi vya akiba walilinganishwa na wengine ambao, pamoja na akiba, walikaa na waume zao kwenye majadiliano ya fedha na maamuzi ya nyumba. Kwa kundi la pili unyanyasaji wa kiuchumi ulipungua, na kwa wanandoa waliohudhuria zaidi ya robo tatu ya vikao hata kupigwa kulipungua. Akiba bila mazungumzo humpa mume kitu kipya cha kunyang'anya.

Hatua ya 4: Majirani na sungusungu

Kufuli ya ndani na taa haviwezi kumzuia mtu anayeishi humo ndani. Anayeweza ni jirani. Kuta za turubai na tope zinapitisha kila sauti, kwa hiyo hakuna jirani asiyejua. Wafundishe jambo dogo: jirani anabisha hodi kuomba chumvi, moto au dawa ya mtoto. Haingii, hasemi "tumesikia", anasimama mlangoni mpaka pumzi zitulie. Wawe wawili, na mmoja awe mtu mzima anayeheshimiwa. Akiona panga au kisu asiingilie. Aite sungusungu na polisi.

Sungusungu nao wanahitaji mafunzo yao. Kazi yao ni kutenganisha na kumfikisha mama anapotaka kwenda. Si kusikiliza kesi usiku, si kumuuliza "ulimfanya nini?", na si kupokea faini halafu kumrudisha nyumbani na mtu aliyetoka kumjeruhi. Faini ya kuku au ya kreti ya soda inayogawanwa kwa wazee haimwachi mwanamke na chochote ila hasira ya mume aliyeilipa.

Hatua ya 5: Wazee na viongozi wa dini

Wanawake wengi hupita kwa mchungaji, shehe au mzee kabla ya kufika kwa mshauri yeyote, na wengi hurudishwa kwa maneno. "Funika kombe mwanaharamu apite." "Siri ya mtungi aijuaye kata." Wanyarwanda wana usemi wao, *niko zubakwa*, ndivyo nyumba zinavyojengwa. Kila lugha ya maziwa makuu ina namna yake ya kumwambia mwanamke avumilie.

Usiende kwa wazee hao na lawama. Nenda na ombi la mambo mawili tu. La kwanza: wasisuluhishe kesi ya kipigo. Usuluhishi unafaa kwa watu wawili wenye nguvu sawa wanaogombea mpaka wa bustani. Mwanamke aliyekalishwa mbele ya mpigaji wake hawezi kusema ukweli, na akiusema ataulipia njiani wakirudi. La pili: waseme hadharani, mimbarini, kwamba kumpiga mke ni kosa. Nchini Tanzania wana pa kusimamia. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema wazi kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa viboko au kipigo, hata kama mila inasema vingine. Sheria hiyo ina umri zaidi ya nusu karne, na bado nimekutana na viongozi wanaoisikia kwa mara ya kwanza. Isome kwa sauti, mara mbili.

Hatua ya 6: Vikao vya wanandoa na vya wanaume

Hii ndiyo kinga yenyewe, na haitaki haraka. Mjini Kampala, njia ya uhamasishaji inayoitwa SASA!, iliyobuniwa na shirika la Raising Voices, ilifanyiwa utafiti kwa takribani miaka mitatu. Katika mitaa iliyoshiriki, wanawake waliopigwa na wenzi wao ndani ya mwaka uliotangulia walikuwa pungufu kwa karibu nusu wakilinganishwa na mitaa mingine. Rwanda, mpango wa Indashyikirwa uliwaweka wanandoa pamoja kwa miezi kadhaa na ukatili ukapungua kwa waliohudhuria. Mashariki ya Kongo, vikundi vya wanaume peke yao viliwabadilisha mitazamo, lakini utafiti haukuweza kuonyesha kwamba kipigo chenyewe kilipungua. Somo nililochukua ni hili: mwanamume anaweza kujifunza maneno mazuri na mkono ukabaki vilevile. Anayejua kama mambo yamebadilika ni mkewe.

Kwa hiyo anza na wanawake. Wakutane wiki kadhaa kabla, waseme wanataka wanaume wao wajadili nini. Orodha yao ndiyo mtaala wako. Kisha wakutanishe wanaume peke yao, baadaye wanandoa pamoja, mara moja kwa wiki, wanandoa wasiozidi kumi na watano.

Waongoze vikao mume na mke, kutoka kambi hiyohiyo, wanaoongea lugha ya watu wao. Kabla ya kuwachagua, ulizia kimyakimya kwa majirani wa kike. Kiongozi anayempiga mkewe huua kazi yote siku ya kwanza, kwa sababu kambi nzima inajua.

Mada zipange kutoka nyepesi kwenda nzito. Nani anaamua nini nyumbani. Fedha na mgao. Pombe. Hasira: inaanzia wapi mwilini, na mtu atoke nje vipi kabla haijafika mikononi. Watoto wanaosikia usiku. Tendo la ndoa na ridhaa liache hadi watu wameaminiana. Ukilileta kikao cha pili, nusu hawatarudi. Kila kikao kiishe na zoezi la nyumbani lenye vitendo: wiki hii mume atachota maji mara tatu, wiki hii mtapanga pamoja namna ya kutumia mgao. Kikao kijacho, muulize mke kwanza, faragha, ilikuwaje.

Usikutane siku ya mgao. Weka mtu wa kushika watoto. Posho ya usafiri wape wote au usimpe yeyote. Na mke akianza kutoa siri yake mbele ya mumewe, mshukuru, geuza mazungumzo kwa upole, umtafute baadaye akiwa peke yake.

Hatua ya 7: Akikujia

Sikiliza. Mwamini. Mwambie "si kosa lako", kisha umuulize anataka nini, na unyamaze mpaka ajibu. Usimwambie aondoke. Kuondoka mara nyingi ndio wakati hatari kuliko wote, na yeye anamfahamu mumewe kuliko wewe.

Yapo mambo yanayotaka haraka: amekabwa koo, ametishiwa kuuawa, kuna panga au bunduki, ana mimba, vipigo vinazidi kila wiki. Ukisikia hata moja, mwambie wazi kwamba unaogopea uhai wake, na umpeleke kwa mshauri siku hiyohiyo, kwa ridhaa yake. Aliyekabwa koo aonwe na tabibu wa kituo cha afya hata kama hana alama, maana uvimbe wa ndani huweza kuja baadaye.

Asiyetaka kuondoka, panga naye usalama. Ugomvi ukianza asikimbilie jikoni kwenye visu, akae upande wa mlango. Kadi ya mgao, vyeti vya kliniki na nguo za mtoto viwe kwa jirani mmoja. Watoto wakubwa wajue nyumba ya kukimbilia. Simu: ujumbe wako ufutwe, na neno la siri liwe la kawaida, kama "nina homa ya mtoto".

Usiandike jina lake kwenye kundi la WhatsApp, usipige picha majeraha kwa simu yako, usimsimulie hata mwenzako wa kazi asiyehusika. Kambi ni ndogo. "Mama mmoja wa zoni ya tano mwenye mapacha" tayari ni jina.

Majeraha ya moyoni nayo yana tiba. Huko Nyarugusu ilijaribiwa huduma iliyoitwa Nguvu, kwa wanawake wa Kikongo waliofanyiwa ukatili na wenzi wao: vikao vinane vya vikundi vilivyounganisha ushauri wa usalama na tiba ya mawazo. Kama huduma ya namna hiyo ipo kwenu, mweleze, na umwachie aamue mwenyewe lini aanze.

Hatua ya 8: Kupima

Usiwaahidi wafadhili kwamba kesi zitapungua miezi sita baada ya kuanza. Kazi ikifanyika vizuri, kwanza zitaongezeka, kwa sababu wanawake wameanza kuamini. Ofisi inayosifiwa kwa kuwa na kesi chache itajifunza kuzificha. Pima mengine: wanawake wangapi wamefika zahanati ndani ya saa 72, kadi ngapi zimetenganishwa na zimechukua siku ngapi, namba ngapi zinapokelewa usiku, wanandoa wangapi wamemaliza vikao.

Hatua ya 9: Siku ya kurudi nyumbani

Hii husahaulika. Warundi walianza kurejeshwa kwa hiari kutoka Tanzania mwezi Septemba 2017, na misafara hupangwa kwa orodha za familia. Mwanamke aliyetengana na mume kambini anaweza kujikuta ameandikwa tena chini ya jina la mume huyo, basi moja, kijiji kimoja, kwenye ardhi ya ukoo wa mume. Au mume anajiandikisha na watoto na kumwambia "ukitaka watoto, panda".

Kabla orodha haijafungwa, kila mke aulizwe peke yake, na mhudumu wa kike, kwenye chumba ambacho mume hakioni: unataka kurudi, unataka kurudi na nani, na ukifika utalala wapi usiku wa kwanza. Jibu la swali hilo la tatu liandikwe kwenye faili lake kabla basi halijaondoka.